Kamati ya Ufundi ya Columbus

Jumamosi ya mwisho ya Novemba 2021 nilishuka sebuleni nimevaa sweta la bluu. Sweta la mtumba, zito, nililolichambua mwenyewe soko la Karume, Dar, wiki moja kabla ya kupanda ndege, baada ya kuambiwa kwamba Ohio kuna baridi ya kuvunja mifupa. Baba mwenye nyumba alikuwa jikoni anakoroga sufuria ya maharage na nyama ya kusaga. Akageuka, akanitazama kuanzia kola mpaka pindo, akaulaza mwiko kwenye kisahani.

"Binti," akasema, "leo si siku ya rangi hiyo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mkewe, aliyekuwa anakata vitunguu, naye hakucheka. Nikadhani ni utani wa kizee, nikajibwaga kwenye kochi na sweta langu. Mpaka jua linazama, Michigan, watani wenye rangi ya bluu, walikuwa wameifunga Ohio State, timu ya chuo ya hapa Columbus, 42 kwa 27 katika mpira wa Kimarekani, ushindi wao wa kwanza katika mechi hiyo tangu 2011, na sweta langu lilikuwa limetundikwa gereji, msumari mmoja na bomba la kumwagilia maua. Nililivua kwa sababu ya joto la ndani, nikaliweka kitini, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi halikuwepo. Hakuna aliyesema neno.

Ule mtazamo wa kola mpaka pindo niliufahamu. Nimekulia Morogoro, kwa baba ambaye ni Yanga kuliko alivyo Mluguru. Kitu chekundu, rangi ya Simba, hakikuingia nyumbani kwetu. Mjomba alipotuletea ndoo nyekundu kutoka Dar, baba aliipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha, na kila tulipoteka maji tulikunywa na magamba ya rangi. Nyanya tu ndizo zilizosamehewa. Siku ya mechi na Simba alikuwa na redio ya mbao, betri zake zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na sheria moja: Yanga ikifunga, kila mtu abaki pale pale alipokuwa bao lilipoingia. Umesimama, simama. Umeinama unapuliza moto, endelea kupuliza. Kaka yangu aliwahi kukutwa na bao yuko chooni, choo cha nje, mlango wa bati. Alikaa humo karibu kipindi cha pili kizima. Mama alimpelekea muhogo.

Kwa hiyo mambo haya si mageni kwangu. Kilichokuwa kigeni ni kuyakuta kwa baba mwenye nyumba, mhandisi mstaafu wa madaraja.

Msomaji wa Nairobi au Bujumbura nimweleze kidogo. Tanzania ukisikia "kamati ya ufundi" ya klabu, usidhani ni watu wa kupanga mabeki na viungo. Ni wale wanaoshughulikia yasiyoonekana. Wanajua timu ipite geti gani, basi liingie kinyumenyume au lisiingie kabisa, chumba cha kubadilishia nguo kitumike au wachezaji wavalie kwenye gari. Habari za timu kuruka ukuta badala ya kupita mlangoni tumezisoma magazetini tangu tukiwa watoto. Hakuna kiongozi anayekiri hadharani. Ukimuuliza atasema timu imejiandaa vizuri na vijana wako fiti. Shabiki wa kawaida kazi yake ni kununua tiketi, kupiga kelele, na kuamini kwamba kuna watu wazima wanaolala makaburini kwa niaba yake.

Nilipokuja kusoma Ohio, Agosti 2019, niliamini kwamba hayo nimeyaacha Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba.

Kwanza muuelewe mpira wenyewe. Ni ule wa Kimarekani, mpira wenye umbo la embe dodo, wachezaji wenye kofia ngumu, na mchezo unaosimama kila baada ya sekunde chache kama daladala ya kituo hadi kituo. Wanaoucheza hapa ni wanafunzi wa chuo. Lakini toa akilini mashindano yetu ya vyuo, yale ya jezi za kuazima na goli lisilo na nyavu. Uwanja wa Ohio State, uliofunguliwa 1922 na wenye umbo la kiatu cha farasi, unakalisha watu 102,780. Uwanja wa Benjamin Mkapa unakalisha 60,000. Columbus ina watu wasiofika milioni moja, na Jumamosi ya mechi nusu yao huonekana kuwa wamevaa nyekundu, wakiwemo Wasomali wenye maduka ninakonunua unga wa sembe.

Halafu mechi zenyewe ni chache mno. Msimu wa kawaida una mechi 12 tu, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba. Simba au Yanga ikifungwa leo, wiki ijayo kuna nyingine, na mzunguko wa pili unakuja. Huku ukifungwa na mtani umefungwa mwaka mzima. Na wachezaji hawakai. Kijana unayempenda leo, baada ya miaka mitatu au minne kahitimu, kachukuliwa na ligi ya kulipwa, au siku hizi kahama chuo. Anayebaki miaka hamsini ni shabiki, kochi lake na desturi zake. Nadhani ndiyo maana desturi zimenona hivyo. Mzee wangu amekwisha kuwapoteza wachezaji wa kizazi baada ya kizazi, lakini fulana yake ya ndani ya siku ya mechi ni ile ile, na haifuliwi mpaka timu ifungwe. Msimu wa 2019 timu ilikwenda bila kufungwa hadi mwisho wa Desemba. Mkewe anaukumbuka msimu huo kwa pua.

Zaidi ya miaka thelathini kazi ya mzee huyu ilikuwa kukokotoa uzito ambao daraja linaweza kubeba. Hapandi ndege bila kusoma aina ya injini. Haamini nyota, haamini mitishamba, na padri wa parokia yao ameshamchoka kwa maswali. Lakini Jumamosi ya mechi televisheni inawekwa bubu na sauti inatoka redioni, kwa sababu mtangazaji wa redio ni wa nyumbani na wa televisheni ana mkosi. Maharage yanatiwa jikoni saa tatu asubuhi, si saa tatu na robo. Mkewe anakaa akiipa televisheni mgongo, amekaa hivyo tangu mechi fulani ya zamani ambayo ni yeye na mumewe tu wanaoifahamu. Neno Michigan halitamkwi. Ni "timu ile ya kaskazini". Nilipolisikia hilo nikajisikia niko nyumbani: baba yangu hajawahi kutamka Simba katika maisha yake, kwake ni Mikia tu.

Tena si yeye peke yake. Wiki ya mechi hiyo, pale chuoni herufi M kwenye vibao vya majengo huwekewa alama ya mkasi kwa utepe mwekundu. Kibao cha hospitali ya chuo, cha jengo la hisabati, cha makumbusho, kote M imekatwa. Mara ya kwanza nilidhani ni mafundi wa ukarabati. Wachezaji wanaoifunga Michigan hupewa kisuruali kidogo cha dhahabu cha kuning'iniza, desturi iliyoanza 1934, baada ya kocha wa wakati huo kuwaambia watu kwamba wale jamaa nao huvaa suruali mguu mmoja baada ya mwingine, kama binadamu wote. Mzee ameshawahi kukiona kimoja kwa macho, kifuani mwa mwanamume aliyekutana naye benki. Alinisimulia kama watu wanavyosimulia Hija.

Na kuna mbegu. Buckeye ni mti wa huku, na ndilo jina la timu na la kila mzaliwa wa Ohio. Mbegu yake ni ya kahawia, inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi, na ina doa jeupe upande mmoja linalofanana na jicho la paa. Ukiila inadhuru. Ukiitia mfukoni, wazee wa zamani walisema, inazuia baridi yabisi na inaleta bahati. Mwaka 2022, siku tatu kabla ya mechi, mzee aliniita gereji, akafungua kopo la misumari, akachagua mbegu moja, akaisugua kwenye suruali yake na kunipa.

"Mfuko wa kushoto," akasema. "Usimwazime mtu."

Nikamwambia kwetu kitu cha namna hii kinaitwa hirizi. Akataka kujua hirizi ni nini. Nikamweleza: kitu unachovaa au kubeba, kimetoka kwa mtu anayejua, kina masharti, kinakulinda na kumgeuzia mbaya wako. Akafikiri kidogo.

"Hapana," akasema. "Hii ni mila tu."

Nimelirudia jibu hilo kwa watu wengi, hasa Watanzania wenzangu wa hapa, na tukacheka mpaka machozi. Kwetu jambo linafanywa usiku, linalipiwa kwa pesa isiyoandikwa kwenye hesabu, na likigundulika klabu inapigwa faini. Huku jambo lile lile linafanywa mchana, na watoto, na duka la chuo linakuuzia likiwa kwenye mnyororo wa funguo. Kila shabiki ni mganga wa nafsi yake, na hakuna wa kumtoza jogoo mweusi.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia vyuo vingine, nikakuta Ohio ni wanafunzi wa darasa la kwanza. Clemson, kule South Carolina, wana jiwe. Lilitoka kwenye Bonde la Mauti huko California, mtu akamletea kocha wao Frank Howard zawadi, na kocha akalitumia kuzuia mlango wa ofisi usijifunge. Baadaye akachoka nalo, akataka litupwe. Badala ya kutupwa likawekwa juu ya nguzo, juu ya kilima cha kuingilia uwanjani. Siku ya kwanza ya jiwe hilo kuwa pale, Septemba 1966, timu ilikuwa nyuma kwa pointi 18 dhidi ya Virginia, ikageuza na kushinda 40 kwa 35. Nani atalitupa jiwe hilo tena? Mwaka uliofuata wachezaji wakaanza kulipapasa kabla ya kushuka kilima mbio, na wanalipapasa hadi leo. Mwaka 2013 mtu alilivamia akalimega kipande. Ningekuwa mzee wa Bagamoyo ningesema alitumwa.

Texas A&M hawakai kabisa. Wanafunzi husimama mechi nzima kwa sababu Januari 1922 mchezaji mmoja wa akiba, E. King Gill, aliitwa kutoka jukwaani, akavaa jezi, akasimama pembeni tayari kuingia, maana wenzake walikuwa wanaumia mmoja mmoja. Hakuingia. Timu ilishinda bila yeye, 22 kwa 14. Lakini alikuwa tayari, na wajukuu wa wajukuu wamesimama tangu hapo. Timu ikifunga, kila mtu humbusu aliyekuja naye. Mbwa wao, wote jina moja, Reveille, wanazikwa nje ya lango la kaskazini la uwanja wakiwa wameelekezwa kwenye ubao wa matokeo. Uwanja ulipopanuliwa na jukwaa kuwakinga, chuo kiliwawekea ubao mdogo wa matokeo huko huko nje, wa kwao wenyewe. Nimeisoma habari hiyo mara tatu kuhakikisha. Mbwa waliokufa wanahesabiwa pointi. Nilipomsimulia baba kwenye simu alikaa kimya, kisha akasema, "Hao watu wana heshima."

Lakini iliyonikaa moyoni ni ya Auburn, Alabama. Pale mjini kulikuwa na mialoni miwili mikubwa kwenye njiapanda iitwayo Toomer's Corner. Auburn wakishinda, mji mzima humiminika hapo na kuirushia miti karatasi za chooni mpaka inakuwa myeupe kama imevikwa sanda. Wazazi wanabeba watoto begani warushe. Novemba 2010 Auburn walikuwa nyuma 24 kwa sifuri nyumbani kwa mahasimu wao, Chuo Kikuu cha Alabama, wakarudi wakashinda 28 kwa 27. Miezi miwili baadaye mwanamume mmoja akapiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio, akatangaza kwamba amemwaga sumu ya magugu kwenye mizizi ya ile miti. Watu walidhani anajigamba. Udongo ulipopimwa ikaonekana ni kweli. Walijaribu kuiokoa miaka miwili, wakaondoa udongo, ikashindikana, na Aprili 2013 miti ikakatwa. Mhusika alikiri mahakamani na kufungwa. Miti mingine imepandwa tangu 2015.

Siwezi kuisoma hiyo kama habari ya mlevi na chupa ya sumu. Mtu mzima, timu yake imefungwa. Hakwenda kumpiga mchezaji. Hakwenda kuchoma uwanja. Alienda pale ambapo aliamini nguvu ya wale watu inakaa, akamwaga sumu kwenye mizizi. Mganga yeyote wa kwetu angekwambia hiyo ndiyo hesabu. Magazeti ya huku niliyoyasoma hayakulitumia neno uganga hata mara moja. Walimwita shabiki aliyepitiliza.

Narudi nyumbani kwa mzee, maana mashtaka yangu hayajaisha.

Mwaka 2022 nilinunua fulana nyekundu, ya kwanza maishani mwangu. Nilisimama nayo kwenye foleni ya duka nikihisi naiba. Asubuhi ya mechi baba akapiga simu ya video. Nikasahau nimevaa nini.

"Shikamoo baba."

Kimya. Uso umejaa kioo chote cha simu.

"Baba, shikamoo."

"Umehamia Msimbazi?"

Nikamweleza kwamba ni rangi ya chuo, si ya klabu, kwamba watu wote hapa wanavaa, kwamba rangi yenyewe ina jina lake, si nyekundu hasa. Akasema mtu akienda ughaibuni huwa anaanza hivyo hivyo, kwa kubadilisha majina ya vitu. Marahaba aliitoa mwishoni, kwa shingo upande. Siku hiyo Ohio State ikafungwa 45 kwa 23, nyumbani, na mimi nikiwa na mbegu mfuko wa kushoto, nyekundu kifuani, na laana ya mzazi kichwani. Mzee mwenye nyumba alihoji kila kitu isipokuwa hiyo laana, kwa sababu sikumwambia.

Novemba 5, 2023, Jumapili asubuhi ya Columbus, niliitazama Yanga ikiifunga Simba 5 kwa 1 kwenye simu, nimejifunika blanketi, na mbegu ya buckeye mkononi. Bao la tano lilipoingia niliibusu. Nikampigia baba. Kulikuwa na kelele za pikipiki na vuvuzela upande wa pili, hatukusikizana. Nikamwandikia kwamba nina hirizi ya Kimarekani, na kwamba yeye na fulana yangu sasa wapatane. Wiki tatu baadaye mbegu hiyo hiyo, mfuko huo huo, Michigan 30, Ohio State 24. Nilikuwa kazini, nafuatilia kwa siri kwenye simu chini ya kaunta. Niliporudi usiku mzee alikuwa bado amekaa gizani.

"Uliangalia?" akauliza.

"Kidogo tu."

Akatikisa kichwa kama daktari aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Hapo ndipo nilipojua kuna daftari. Daftari la kihandisi, la karatasi za miraba. Kila mechi ina ukurasa wake: matokeo, hali ya hewa, chakula, nguo, na mchoro wa sebule wenye vijiduara vinavyoonyesha nani alikaa wapi. Mimi nilikuwa na alama yangu, herufi T, ya Tanzania. Mwaka 2019 T iko ngazini, maana nilikuwa mgeni wa miezi mitatu na niliogopa kukalia kiti cha mtu. Tulishinda 56 kwa 27. Mwaka 2020 ukurasa ni mtupu, korona ilifuta mechi. Mwaka 2021 T kwenye kochi, pembeni kumeandikwa "sweta". Mwaka 2022 kochi tena. Mwaka 2023 T iko nje ya mchoro, na mshale wa nukta nukta unaoingia ndani, kuwakilisha simu.

Kuna jaribio maarufu la mwanasaikolojia B.F. Skinner, la 1948. Alichukua njiwa wanane wenye njaa, akawawekea mashine ya kutoa chakula kila baada ya muda maalumu, njiwa afanye asifanye kitu. Sita kati yao wakajitungia ibada. Mmoja akawa anazunguka, mwingine anasukuma kichwa kwenye kona, mwingine anajipembeza kama bembea, kila mmoja akishikilia lile alilokuwa analifanya chakula kilipotokea. Nililisoma jaribio hilo darasani nikamfikiria kaka yangu chooni na muhogo wake. Nikataka kumsimulia mzee, nikasita. Skinner hakusema njiwa wanajisikiaje wakiambiwa.

Isitoshe, lile daftari lilinipa kitu ambacho sikukitarajia. Miaka miwili ya kwanza Columbus nilikuwa mtu wa "unatoka wapi" na "Kiingereza chako kizuri". Mgeni hawezi kuleta nuksi. Mgeni anapewa kiti na soda, na timu ikifungwa anapewa pole. Siku sweta langu lilipotundikwa gereji nilikasirika, nikampigia rafiki yangu Mkongo anayekaa upande wa pili wa mji nikalalamika kwa Kiswahili saa nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa wewe walikushitaki kama nani? Kama mupangaji?" Sikuwa na jibu.

Mwaka 2024 ulikuwa mbaya kupita yote, sitaki kuukalia. Nyumbani, Columbus, timu inayopewa nafasi kubwa mno, mikwaju miwili ikaenda nje, 13 kwa 10. Wachezaji wa Michigan wakajaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikapigwa, polisi wakapuliza pilipili. Vijana waliokuja chuoni 2021 walimaliza bila kisuruali hata kimoja cha dhahabu. Mimi nilikuwa kwenye kochi. Hakuna aliyenitazama, na huko kutotazamwa ndiko kulikouma.

Basi zilipokuja mechi za mchujo, zile za kutafuta bingwa wa nchi nzima, sikusubiri kuambiwa. Nilisimama mlangoni pa jikoni, bega kwenye fremu, mguu mmoja kwenye vigae na mmoja kwenye zulia. Tennessee wakapigwa 42 kwa 17. Siku ya Mwaka Mpya Oregon 41 kwa 21. Texas 28 kwa 14. Januari 20, 2025, Notre Dame 34 kwa 23. Timu iliyoshindwa kumfunga mtani ikawa bingwa wa Marekani, nami nilikuwa na maumivu ya mgongo. Mzee alilia, akamkumbatia mkewe, akamkumbatia jirani, akanijia mimi, na kabla hajanikumbatia akachomoa tepu ya kupimia na kupima umbali kutoka fremu hadi televisheni.

Novemba 29, 2025, Ann Arbor, theluji inadondoka. Nilikuwa mlangoni pa jikoni, mahali pangu palipopimwa. Timu ile ya kaskazini ikatangulia kufunga. Mzee hakugeuka, lakini niliona shingo yake. Nikakumbuka nina nguo kwenye mashine ya kukaushia, chini kabisa ya nyumba, nikashuka polepole ili nisionekane natoroka. Nikiwa katikati ya kutoa mashuka, dari ikatikisika kwa kishindo na kelele. Nikashika ngazi nipande nione.

Mlango wa juu ukafunguka kwa ufa. Nikaona soksi zake nyekundu tu.

"Usipande," akasema. "Tafadhali, binti. Baki hapo hapo."

Mechi iliisha 27 kwa 9. Mimi nilisikia miguu. Unajifunza kuisoma: kukanyaga kwa wawili ni kufunga, kutembea kwa mmoja huku na huku ni mpira uko kwao. Mama mwenye nyumba akanishushia bakuli la maharage na mkate wa mahindi, akaviweka ngazi ya tatu kutoka juu, bila kunitazama usoni. Nikapiga picha nikamtumia kaka yangu. Akajibu neno moja: muhogo.

Ilipokaribia mwisho zile soksi zikarudi kwenye ufa. "Dakika mbili," zikasema. "Unafanya nini hapo?"

"Nakunja nguo."

"Zimebaki nyingi?"

Nikatazama kikapu. Zote zilikuwa zimekunjwa, mashuka chini, soksi juu, kila pea na mwenzake.

"Nyingi," nikamjibu, nikazikunjua, nikaanza upya.